Turbo kwenye Legacy ya zamani: historia kwanza, spana baadaye

Wasomaji wangu, leo naweka programu kando, ingawa mwishoni tutarudi huko huko. Nina Subaru Legacy sedani ya 1992, lita 2, bila turbo. Bodi bado nzuri. Napanga kuiwekea injini ya turbo, na kabla ya kununua hata nati moja nimeisoma historia yake.

Turbo si kitu kipya. Mhandisi Mswisi Alfred Büchi alipata hataza mwaka 1905: moshi wa injini unazungusha feni, nayo inasukuma hewa zaidi ndani. Hewa ikizidi, mafuta zaidi yanachomwa na nguvu inaongezeka. Magari ya watu wa kawaida yalisubiri hadi 1962, General Motors ilipouza Oldsmobile Jetfire na Corvair Monza Spyder.

Subaru ilileta Legacy mwaka 1989 pamoja na familia mpya ya injini, EJ. Mapema mwaka huo, huko Arizona, Marekani, Legacy ya turbo ilikimbia kilomita 100,000 kwa wastani wa kilomita 223 kwa saa. Kisha ikaja kwetu. Katika Safari Rally ya 1990, Patrick Njiru alimaliza wa 8 kwa Legacy ya Group N, daraja la magari yanayokaribiana na yale ya dukani.

Kwangu mimi, jambo kubwa ni hili: injini za EJ za miaka ile, zenye turbo na zisizo nayo, ni ndugu. EJ20G ya turbo hukaa pale pale ilipokuwa ile ya zamani. Kwa nini basi nisifunge turbo tu kwenye injini niliyo nayo? Kwa sababu mgandamizo wake ni mkubwa. Ukiongeza hewa, mafuta hulipuka kabla ya wakati na pistoni huvunjika.

Mpango wangu:

1. Kutafuta gari zima la turbo lililogongwa nyuma, si injini pekee. Nahitaji kompyuta yake, waya, klachi, giaboksi na ule mhimili wa chini unaopisha bomba la turbo.
2. Difu ya nyuma ilingane na giaboksi. Hii ni gari ya magurudumu manne. Uwiano ukitofautiana, giaboksi inakufa.
3. Breki na rejeta kubwa kabla ya kuongeza kasi.
4. Kuijulisha NTSA, ili namba mpya ya injini iingie kwenye rekodi za gari.

Na sasa programu. Kompyuta ya EJ20G ya Japani ilipangwa kwa petroli ya okteni ya juu kuliko super yetu ya kawaida. Chuma kitaingia vizuri, lakini jedwali la cheche lisiporekebishwa, injini itagonga hadi ife. Bajeti ya marekebisho hayo naitenga kwanza. Ikikosekana, Legacy yangu itabaki bila turbo.