Oveni haikuwahi kuwa yetu

Wasee, kuna mjadala unazunguka kila mahali siku hizi: eafraya na zile sufuria za presha za umeme zinaweza kuchukua nafasi ya oveni, ama ni mbwembwe tu za watu wenye doo? Nimesoma hoja za pande zote mbili na manze, kitu kimoja kinanishangaza. Watu wanabishana kana kwamba kila mmoja wetu alilelewa na oveni pale jikoni.

Mimi nililelewa kwa ploti ya vyumba kumi na mbili, Kayole. Hakuna hata nyumba moja ilikuwa na oveni. Na bado keki zilipikwa.

Mathe alikuwa anachukua sufuria kubwa, anamwaga mchanga chini, anaweka juu ya jiko. Mchanga ukishika moto, anatumbukiza sufuria ndogo yenye unga uliokorogwa, anafunika, kisha anapanga makaa juu ya kifuniko. Kazi yangu ilikuwa kulinda makaa. Yakipoa, naongeza. Yakizidi, napunguza. Nilipofikisha miaka tisa nililinda vibaya, nikaenda kucheza bano, na keki ya birthday yangu mwenyewe ikaungua. Mathe hakunichapa. Alikwangua weusi wote kwa kisu, akakata vipande, akasema, "Kula. Hiyo ni kazi ya mikono yako."

Miaka mingi nilidhani hiyo ilikuwa njia ya maskini ya kuigiza oveni. Nilikuwa nimekosea. Hiyo ilikuwa oveni. Oveni ni nini kama si joto lililofungiwa mahali pamoja, likizunguka chakula kutoka kila upande? Watu wa Pwani walijua hayo zamani sana. Mkate wa mofa, ule wa unga wa mtama, unaokwa ndani ya tanuri ya udongo. Na wali ukikaribia kukauka maji, unapaliwa makaa juu ya kifuniko ili uive juu na chini. Lile sanduku kubwa la chuma lenye mlango wa kioo lilikuja baadaye, likaingia kwa nyumba za wachache, na wengi wetu tukalipita bila hata kulishika.

Sasa hebu tuangalie hivi vyombo vipya vimetoka wapi, kwa sababu si vipya hivyo.

Sufuria ya presha ni mzee kuliko nchi yetu, tena kwa mbali. Mwaka wa 1679, Mfaransa mmoja anaitwa Denis Papin, akiwa London, alitengeneza chungu cha chuma kilichofungwa kabisa. Mvuke ukikosa pa kutokea, presha inapanda, maji yanapita joto lake la kawaida la kuchemka, na chakula kinaiva haraka. Mwaka wa 1682 aliwapikia wanasayansi wa Royal Society chakula cha jioni, na hata mifupa ikatoka laini. Lakini chungu kama hicho kinaweza kulipuka, kwa hivyo Papin akakiwekea vali ya usalama ya kupunguza mvuke ukizidi. Ile kitu inayopiga filimbi kwa kifuniko cha presha ya shosho yako ni mjukuu wa vali hiyo.

Kisha tuende Japani. Mwaka wa 1955 kampuni ya Toshiba ilianza kuuza sufuria ya umeme ya kupika wali, inayojizima yenyewe. Ilitengenezwa na Yoshitada Minami, mwenye kiwanda kidogo. Lakini aliyepika na kupima alikuwa mke wake, Fumiko. Alipika wali mara nyingi kupita kiasi, akifuatilia joto na dakika, mpaka wakajua ni wakati gani hasa moto uzimwe. Fikiria: kabla ya hapo, mwanamke wa Japani alikuwa anaamka alfajiri kulinda moto. Baada ya hapo, alibonyeza swichi akarudi kulala.

Ukiunganisha chungu cha Papin na swichi ya akina Minami, unapata ile presha ya umeme. Ile maarufu zaidi, Instant Pot, ilitoka Kanada mwaka wa 2010. Robert Wang alikuwa amepoteza kazi ya kompyuta, ana watoto nyumbani, na hakuna mwenye wakati wa kupika. Akachukua akiba yake, akajenga sufuria yenye kompyuta ndogo ndani.

Eafraya nayo? Mwaka huohuo wa 2010, kampuni ya Philips iliionyesha kwa maonyesho ya Berlin. Mbunifu wake, Mholanzi Fred van der Weij, alikuwa anatafuta chipsi kavu bila karai la mafuta. Lakini usidanganywe na jina. Haikaangi kitu. Ni oveni ndogo yenye feni kali. Na feni kwa oveni si wazo geni: mwaka wa 1945 Mmarekani William Maxson alikuwa tayari na oveni ndogo ya feni ya kupashia chakula kilichogandishwa ndani ya ndege.

Kwa hivyo ukiuliza kama eafraya inaweza kuchukua nafasi ya oveni, umeuliza kama oveni inaweza kuchukua nafasi ya oveni. Hesabu ndiyo inabadilika. Oveni ya wati 2000 ikiwaka saa nzima bila kukatika inakula yuniti mbili. Eafraya ya wati 1500 ikifanya kazi dakika ishirini ni nusu yuniti. Sababu ni rahisi: unapasha joto kasanduku kadogo, si kabati.

Lakini hapa Kenya swali letu ni lingine. Vyombo hivi vinachukua nafasi ya jiko.

Na jiko pia lina historia. Lile lenye kiuno, chuma nje na udongo ndani, lilianza kuenea miaka ya 1980. Wazo lilitoka kwa jiko la ndoo la Thailand, mafundi wetu wa jua kali wakalibadilisha likawa la kwetu, na likapunguza makaa ambayo nyumba inachoma. Ulikuwa ugunduzi mkubwa. Lakini bado lilihitaji mtu wa kukaa hapo. Kisha Februari 2018 serikali ikasimamisha ukataji miti kwa misitu ya umma na makaa yakapanda bei. Watu wakakimbilia gesi. Julai 2021 gesi nayo ikawekewa VAT ya asilimia 16. Mathe alikuwa anahama kutoka moto mmoja hadi mwingine kama mtu anayefukuzwa.

Doo yangu ya kwanza ya maana ya kontenti nilimnunulia presha ya umeme. Aliitazama, akasema, "Hiyo kitu italipuka na sina nyumba nyingine." Ikakaa chini ya kitanda miezi miwili. Nilimweleza habari ya Papin na vali yake. Hakushtuka.

Aliyeitoa ni dada yangu mdogo. Kila Jumamosi kazi yake ilikuwa kulinda githeri, saa tatu na zaidi, macho mekundu kwa moshi, kitabu hakifunguki. Jumamosi moja Mathe alikuwa sokoni. Msichana akaweka maharagwe na mahindi ndani, akabonyeza, akaenda kusoma. Mathe aliporudi githeri ilikuwa tayari, na hakuna mtu jikoni. Alifungua kifuniko, akaonja, akanyamaza. Jumamosi iliyofuata aliitoa mwenyewe.

Sisemi ni dawa ya kila kitu. Stima ikipotea, unabaki na mapambo. Ukiwa kwa keja ya mita ya pamoja, landilodi atakuuliza maswali. Chapati bado zinataka kikaango na mkono. Nyumba ya watu wanane haitoshelezwi na kikapu cha eafraya. Na makaa ya mkebe unanunua kwa pesa kidogo ya leo, lakini mashine unalipa yote kwa siku moja, na hapo ndipo wengi wanakwama.

Lakini nikifikiria historia hii yote, naona si hadithi ya chakula tu. Ni hadithi ya nani anakaa kulinda moto. Kwa Kiswahili chetu mwanaume akioa tunasema amepata jiko, na tunacheka. Ukitaka kujua kwa nini neno hilo lilikwama, tazama tu nani alikuwa na macho mekundu kwa nyumba yenu.

Mimi nilipata jiko langu dukani, na napika mwenyewe. Dada yangu sasa yuko kidato cha tatu na Jumamosi zake ni zake. Leo jioni muulize mamako alikuwa anaoka keki vipi. Halafu muulize nani alikuwa analinda makaa.