Majengo Yaliyobomolewa na Nyumba Zilizosalimika Harvard

Chuo Kikuu cha Harvard, kilichoanzishwa mwaka 1636 katika jimbo la Massachusetts, Marekani, kimebomoa majengo mengi kiliyoyajenga chenyewe, huku kikitunza nyumba kadhaa ambazo awali zilikuwa za watu binafsi.

Katika miaka ya 1650 kilijenga jengo la matofali kwa ajili ya vijana wa makabila ya wenyeji wa Amerika. Waliokuja kusoma walikuwa wachache mno, ila mtambo wa uchapaji ukafanya kazi humo, na mwaka 1663 ukatoa Biblia nzima kwa lugha ya Kimassachusett. Mwaka 1698 jengo lilivunjwa, matofali yake yakajengea jengo jingine.

Usiku wa Januari 24, 1764, moto uliteketeza Harvard Hall na maktaba ya vitabu vipatavyo 5,000. Bunge la koloni lilikuwa likikutana humo, kwa kuwa lilikimbia ndui iliyozuka Boston. Kati ya vitabu alivyoviacha John Harvard, ambaye chuo kimepewa jina lake, kinajulikana kimoja tu kilichopona, nacho kilipona kwa sababu kilikuwa kimeazimwa.

Gore Hall, maktaba ya mawe iliyokamilika mwaka 1841, haikuungua. Ilizidiwa na vitabu. Ilibomolewa mwaka 1913 kupisha Maktaba ya Widener, iliyojengwa kwa fedha za mama aliyempoteza mwanawe katika ajali ya Titanic. Picha ya Gore Hall ingali katika nembo ya Cambridge, mji wa chuo hicho, heshima ya ajabu kwa jengo lililokwisha kuvunjwa.

Nyumba za watu zilikuwa na bahati zaidi. Ile ya kasisi Mwanglikana East Apthorp, ya mwaka 1760, Wapuritani waliibeza kuwa ni kasri la askofu. Jenerali Mwingereza Burgoyne aliwekwa humo baada ya kushindwa katika mapigano ya Saratoga mwaka 1777, wakati wa vita vya uhuru wa Marekani. Leo ni makazi ya wakuu wa bweni la Adams House.

Nyumba ya Dana-Palmer, ya mbao, iligeuzwa kituo cha kutazamia nyota mwaka 1839. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kiwanja chake kilitakiwa kwa Maktaba ya Lamont, iliyofunguliwa mwaka 1949. Haikuvunjwa: iling'olewa ikiwa nzima na kuvushwa hadi upande wa pili wa Quincy Street, na huko ndiko iliko hadi sasa.