Askari alipanda juu, mpagazi akabaki njiani

Kabla jua halijachomoza, Makambako huwa imekwisha kuamka. Baridi ya nyanda za juu inauma masikio, na vijana waliojifunika makoti mazito wanapakia viazi kwenye malori. Gunia la lumbesa linapanda begani, mgongo unapinda, mguu unatafuta ubao wa kupandia. Barabara tatu zinakutana hapa: ya kwenda Iringa na Dar es Salaam, ya kwenda Mbeya na Tunduma, na ya kushuka Njombe hadi Songea. Reli ya TAZARA nayo ina stesheni yake. Huu ni mji ulioletwa na mzigo na unaoishi kwa mzigo.

Lori linaloondoka hapa alfajiri litafika Dar es Salaam, na shehena yake huenda ikaishia Kariakoo au soko jingine la jiji. Umbali mfupi kutoka Kariakoo, pale Mtaa wa Samora unapokutana na barabara ya Maktaba na Azikiwe, askari wa shaba amesimama juu ya jiwe, ameinama kidogo, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini. Wazee wa jiji wanamjua kwa jina la Bismini. Wengi wetu tunaotoka Njombe tumempita tukikimbilia Posta, bila kujua kwamba alipewa nafasi ya sanamu nyingine iliyong'olewa, wala kwamba ndani ya habari yake imo habari ya babu zetu.

Siku hizi watu duniani kote wanabishana juu ya kitu cha kuweka pale sanamu ya mkoloni inapoondolewa. Tanzania ilipitia jambo hilo karibu miaka mia moja iliyopita. Jibu lililotolewa wakati ule bado limesimama katikati ya jiji, na mtu mmoja amekosekana juu yake.

Aliyeondolewa

Hermann von Wissmann alitumwa na serikali ya Ujerumani mwaka 1889 kuzima upinzani wa watu wa pwani. Aliajiri askari kutoka Sudan na sehemu nyingine za Afrika, akapiga mji baada ya mji. Desemba mwaka huohuo Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani, alinyongwa Pangani. Mwaka 1895 Wissmann akawa gavana wa koloni. Alifariki mwaka 1905, na baadaye Wajerumani wakamsimamishia sanamu Dar es Salaam.

Mpangilio wa sanamu ile ulieleza utawala wote. Juu alisimama Wissmann. Chini yake, penye miguu ya jiwe, aliwekwa askari Mwafrika akimwinulia macho bwana wake, na bendera ya Ujerumani ikimfunika simba aliyeuawa. Mwafrika alikuwemo, lakini kazi yake pale ilikuwa kutazama juu.

Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916. Wissmann akashushwa, akapakiwa melini hadi Uingereza. Baadaye Wajerumani walirudishiwa sanamu yao, na mwaka 1922 wakaisimamisha mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Ilikaa pale zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 1967 wanafunzi waliiangusha kwa kamba, wakuu wakairudisha. Mwaka 1968 wakaiangusha tena, na haikurudishwa mahali pale. Iliwekwa stoo.

Aliyepandishwa

Mwaka 1927 Waingereza walizindua sanamu ya Askari, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Safari hii hapakuwa na gavana wala jenerali. Yule Mwafrika aliyekuwa chini akimtazama Wissmann sasa alipandishwa juu ya jiwe peke yake. Ni sawa kulitambua hilo: kwa wakati ule, wakoloni kumpa Mwafrika wa kawaida nafasi ya katikati ya mji lilikuwa jambo kubwa.

Lakini sogea karibu usome maandishi yaliyo kwenye jiwe, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Maneno yalitungwa na Rudyard Kipling. Yanawakumbuka askari Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, kisha yanawataja wapagazi, yakisema wao ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Ukimaliza kusoma, inua macho umtafute mpagazi. Hayupo. Ametajwa kwa herufi, lakini aliyesimamishwa juu ya jiwe ni mwenye bunduki. Nairobi, ambako Waingereza walisimamisha sanamu ya aina hiyohiyo, mpagazi alichongwa akasimama pamoja na askari. Dar es Salaam aliachwa.

Hesabu ya vifo inalifanya pengo hilo kuwa zito. Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao walikaribia 100,000, idadi inayozidi kwa mbali ile ya askari waliouawa vitani. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, baridi na njaa. Ndorobo waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe, kwa hiyo risasi, unga, dawa na hata vipande vya mizinga vilipanda vichwani mwa watu. Piga hesabu mwenyewe: mtu anabeba kilo 25 hivi, naye anahitaji karibu kilo moja ya unga kwa siku. Akila kutoka katika mzigo wake, kabla ya mwezi kwisha atakuwa ameumaliza na hajafikisha kitu. Ndiyo maana posho yake ndiyo iliyopunguzwa kwanza.

Vita ilivyopita kwetu

Njombe ilimjua askari kabla ya vita hiyo. Septemba 1905, wakati wa vita ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, Wabena walishambulia misheni ya Yakobi, karibu na mji wa Njombe wa leo. Adhabu iliyofuata kusini yote ilikuwa moto: vijiji vilichomwa, maghala yakachomwa, mashamba yakaharibiwa, njaa ikamaliza kazi ambayo bunduki ilianza. Mbena aliyeiona 1905 alipoambiwa neno askari, alimkumbuka mtu aliyechoma mtama wake.

Miaka tisa baadaye vita ya Wazungu ikaja. Julai 1916 palipiganwa Malangali. Kuelekea mwisho wa mwaka huo Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma kutoka Tabora walipita katika nchi hii na kushambulia Lupembe. Novemba 1916 kikosi chao kimoja, kilichoongozwa na Hübner, kilizingirwa na kusalimu amri Ilembule, mahali panapofikika leo kwa safari fupi ya gari kutoka Makambako. Oktoba 1918 von Lettow-Vorbeck mwenyewe alipita Ubena akikimbilia Rhodesia ya Kaskazini, huku homa kali ya mafua ikiwaangusha watu wake. Jenerali Wahle, aliyekuwa mgonjwa, aliachwa hapo. Wiki chache baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo.

Majina ya maofisa hao yamo vitabuni. Lakini kila jeshi lililopita hapa, la Mjerumani na la Mwingereza, lilikula chakula cha vijiji na kuchukua wanaume wa kubeba. Jeshi moja likiondoka, jingine liliingia kuuliza walipo wanaume waliobaki. Na vita ilipokwisha, njia ya kuondoka nyumbani haikufungwa. Wabena na Wakinga waliendelea kusafiri kama manamba hadi mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Serikali ya kikoloni iliiangalia Njombe kama ghala la nguvu za watu.

Wenzetu walijibu vipi

Nairobi, baada ya uhuru, ilimwondoa Lord Delamere, mlowezi aliyekuwa na sanamu na barabara yenye jina lake. Barabara ikaitwa Kenyatta. Mwaka 2007 Nairobi ikapata pia sanamu ya Dedan Kimathi, aliyenyongwa na Waingereza mwaka 1957. Huko mkubwa wa mkoloni aliondoka, shujaa wa taifa akaingia. Kinshasa, Mobutu aliishusha sanamu ya Mfalme Leopold wa Pili katika miaka ya 1960. Mwaka 2005 ikarudishwa barabarani, na kabla ya siku mbili kupita ikashushwa tena.

Mfano unaonigusa zaidi uko mwisho wa barabara yetu wenyewe. Songea hawakuanza na sanamu, walianza na kaburi. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Maji Maji, akiwemo Nkosi Mputa Gama, wakawazika katika shimo moja. Leo pale pana makumbusho na sanamu za mashujaa, na kila Februari watu hukusanyika. Ndugu wanajua nani wa kwao amelala pale. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipotaka kuomba msamaha kwa vita ile, palikuwa na mahali pa kwenda, palikuwa na kaburi la kusimama mbele yake, palikuwa na wajukuu wa kuwaangalia usoni. Angetaka kuwaomba radhi wapagazi wa Ubena, tungempeleka wapi?

Kariakoo

Na hapo ndipo linarudi lile soko. Jina Kariakoo lilitokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi la Waingereza, lililopiga kambi pale wakati wa vita. Ulimi wa Waswahili uliligeuza jina la kijeshi likawa letu. Kwa hiyo, bila kamati na bila shaba, watu wa Dar es Salaam waliwawekea wapagazi kumbukumbu inayotajwa na maelfu kila siku. Anayesema "nashuka Kariakoo" anawataja wafu wale, ingawa hajui.

Wakinga na Wabena wenye maduka pale wanafanya biashara juu ya ardhi ambayo huenda babu wa babu zao waliilalia na mzigo kando ya kichwa. Hilo linatosha kunifanya niamini kwamba kumbukumbu ya mpagazi haijafa. Imekosa maelezo tu.

Tuweke nini

Sitaki Askari wa Dar es Salaam ang'olewe. Amekaa karibu miaka mia, na maandishi ya chini yake ni ushahidi tunaouhitaji. Ninachotaka ni jiwe la pili. Na jiwe hilo lisiwekwe Posta. Lije huku, kwenye njia panda ya Makambako, ambako mzigo bado unabebwa kwa bega.

Nalo lisiwe mtu mrefu juu ya jiwe. Tumekwisha kuona jinsi jiwe refu linavyomfanya aliye chini atazame juu. Kiswahili kina neno lililo tayari kwa kazi hii. Kutua ni kushusha mzigo, na mahali pa kutulia mzigo ni kituo. Kabla ya kuwa cha mabasi au cha polisi, kituo kilikuwa kivuli cha mti ambapo mpagazi alitoa kata kichwani, akapumua. Tujenge kituo: ukuta wa mawe ya Njombe, wa kimo cha kifua, mtu mwenye gunia aweze kulitua juu yake bila kuinama na kulipandisha tena bila kusaidiwa. Ubavuni mwa ukuta yaandikwe majina.

Majina yako wapi? Orodha za jeshi ziliwahesabu wapagazi zaidi ya zilivyowataja. Basi yatafutwe majumbani. Walimu wa historia wa Ilembule, Lupembe na Yakobi wanaweza kuwapa wanafunzi kazi ya likizo: muulize bibi ni nani katika ukoo alichukuliwa wakati wa vita ya Wajerumani asirudi. Halmashauri iweke daftari, makanisa yafungue vitabu vyao vya ubatizo, Makumbusho ya Taifa wasaidie kuhakiki. Kazi hiyo haina gharama ya shaba, ila haingoji. Waliosikia habari hizi mdomoni mwa wapagazi wenyewe wengi wamekwisha kuondoka. Tuliobaki nao ni wachache, nao ni wazee sana.

Jina likikosekana, iandikwe nyumba aliyotoka. Nyumba ikisahaulika, kiandikwe kijiji. Na siku ukuta utakapokamilika, usikatwe utepe na mkubwa yeyote. Aitwe mmoja wa vijana wale wa alfajiri, mwenye gunia la viazi begani, awe wa kwanza kutua.