Jokofu Lenye Chanjo, Mtoto Asiyechanjwa: Hoja Kuhusu Mgawo wa Chanjo ya Surua Katika Zahanati za Vijijini

Zahanati inapokosa chanjo, macho yetu huelekea juu. Tunauliza kama fedha zimetoka Hazina, kama wafadhili wametimiza ahadi, kama bohari imesambaza mzigo. Ni maswali ya haki. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba ipo namna nyingine ya kukosa chanjo, isiyoanzia juu wala kuonekana kwenye leja: mtoto anarudishwa nyumbani ilhali kichupa kimo ndani ya jokofu. Nadai pia kwamba kurudishwa huko, pamoja na kule kuishiwa chanjo kabisa, mara nyingi huzaliwa na kanuni moja ya mgawo, kanuni inayoogopa dozi iliyomwagwa kuliko mtoto aliyekosa.

Huko juu visa havikosekani. Mwaka 2025 chanjo za kifua kikuu na polio ziliadimika katika kaunti nyingi za Kenya, na wazazi wa watoto wachanga wakawa wanahangaika kutoka kituo hiki hadi kile. Kati ya 2013 na 2015 BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu, ilipungua duniani kote, kwa kuwa watengenezaji waliokidhi vigezo vya Shirika la Afya Duniani (WHO) walikuwa wachache mno. Tangu 2008 nchi zinazosaidiwa na Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, hutakiwa kuchangia gharama, na mchango huo hupanda kadiri uchumi unavyokua. Ukichelewa kulipwa, mzigo nao unachelewa. Juni 2025 Marekani ilitangaza kwamba haitaendelea kuichangia Gavi, na athari zake bado hatujaziona zote. Lakini upungufu wa aina hii una nafuu moja: unapigiwa kelele. Magazeti huandika, wabunge huuliza, waziri hujibu.

Ule mwingine haupigiwi kelele na mtu, na ili kuuelewa inatubidi tukitazame kichupa chenyewe.

Hapa kwetu Tanzania mpango wa chanjo ulianza 1975, mwaka mmoja baada ya WHO kuzindua ule wa dunia. Tangu hapo mambo mengi yamenyooka. Aliyefanya kazi zahanati enzi za majokofu ya mtungi wa gesi na ya mafuta ya taa anajua adha ya kuamka na kukuta moto umezimika usiku. Siku hizi jokofu la sola limepunguza usumbufu huo kwa kiasi kikubwa. Chanjo za nimonia na za kuhara ziliingia mwishoni mwa 2012 na mwanzoni mwa 2013, zikajaza rafu za jokofu, na mfumo ukastahimili. Chanjo za maji kama ile ya mseto wa magonjwa matano na ile ya matone ya polio hazimsumbui sana muuguzi: kichupa kikishafunguliwa kinaweza kutumika hadi siku 28, mradi kimetunzwa kwenye nyuzijoto kati ya 2 na 8 na ule mraba mdogo uliomo ndani ya duara la lebo haujabadilika rangi kupita kiasi.

Surua na rubela ni habari nyingine. Chanjo hii ni unga unaochanganywa na maji yake maalumu, na kichupa kinachotumika zaidi kina dozi 10. Ukishauchanganya, una saa 6. Zikipita, au kliniki ya siku hiyo ikifungwa, kilichobaki kinamwagwa. BCG ina sharti hilohilo, tena kichupa chake kina dozi 20.

Sasa tuchukue kijiji cha watu 2,500. Kwa viwango vya uzazi vya vijijini kwetu, kijiji hicho kitapata watoto 85 hivi kwa mwaka wanaofikia umri wa kuchanjwa surua, yaani 7 kwa mwezi. Kila mmoja anahitaji dozi mbili, ya miezi 9 na ya miezi 18. Ni dozi 14 kwa mwezi. Anayegawa chanjo wilayani atapiga hesabu ya 14, ataongeza kidogo kwa ajili ya upotevu, na atatoa vichupa viwili, dozi 20. Kwenye karatasi hakuna kasoro.

Lakini watoto hao 14 hawaji siku moja. Ikiwa zahanati inachanja kila wiki, kila kliniki itapata watatu au wanne. Muuguzi akifungua kichupa kila wiki, atahitaji vinne, na atamwaga dozi 26 kati ya 40, karibu theluthi mbili. Kwa vichupa viwili alivyopewa, ataishiwa katikati ya mwezi, na mratibu wa wilaya atamwuliza chanjo alizipeleka wapi. Akitaka kuepuka swali hilo ana njia moja tu, nayo wauguzi wengi wanaijua: kutenga siku ya surua. Mama akija siku nyingine anaambiwa arudi wakifika watoto wa kutosha, au tarehe fulani. Leja inabaki safi. Upotevu unashuka hadi asilimia 30, jokofu halikauki, na taarifa ya mwezi inaonyesha kituo chenye chanjo. Mama aliyeacha palizi, akalipa bodaboda na kurudi na mtoto wake vilevile hana pa kuandikwa.

Simlaumu muuguzi. Anafanya kile ambacho mfumo unampimia. WHO inashauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, lakini ushauri huo hauna maana kwa mtu aliyepewa vichupa viwili kwa mwezi mzima. Kumwambia asiogope kupoteza, kisha kumgawia kana kwamba hatapoteza, ni kumtega.

Mambo huwa mabaya zaidi pale makisio ya walengwa yanapokuwa hayalingani na watu waliopo. Makisio hutokana na sensa, ya mwisho kwetu ikiwa ya 2022, kisha hukadiriwa mwaka hadi mwaka. Wafugaji wanahama na mifugo, machimbo mapya yanavuta familia, akina mama wa kijiji jirani wanavuka mpaka wa kata kwa sababu zahanati ya upande huu ina muuguzi mkarimu. Wataalamu wengine wanapendekeza tugawe kwa kufuata matumizi ya miezi iliyopita badala ya makisio. Ni hatua mbele, lakini ina mtego wake: kituo kilichoishiwa kwa wiki mbili kitaonyesha matumizi madogo, hivyo kitapewa kidogo, hivyo kitaishiwa tena. Matumizi ya nyuma hayamhesabu aliyerudishwa.

Kuna mfano wa karibu unaostahili kusomwa kwa makini. Ng'ambo ya mto Ruvuma, katika mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, kati ya 2002 na 2007 Wizara ya Afya ya nchi hiyo ilishirikiana na asasi ya VillageReach na taasisi ya FDC kubadili usambazaji. Badala ya muuguzi kufunga kituo na kufuata chanjo wilayani, gari lilitoka mkoani kila mwezi, likapita kituo kwa kituo. Wahudumu wake walihesabu kilichobaki, wakajazia, wakakagua jokofu na kuchukua takwimu. Watoto waliopata dozi ya tatu ya chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro waliongezeka kutoka karibu asilimia 69 hadi 95. Tusishangilie haraka, kwa kuwa katika mkoa jirani wa Niassa, usiokuwa na mradi huo, uchanjaji pia uliongezeka. Si sahihi kuuhesabia mradi ongezeko lote. Ninachokichukua mimi ni kile kitendo cha kujazia. Kituo kilichofungua vichupa vingi hakikuhojiwa kwanza ndipo kipewe. Kilijaziwa hadi kiwango chake.

Zambia nako walijaribu jambo lililo sahili zaidi. Walilinganisha vituo vinavyotumia kichupa cha surua cha dozi 10 na vinavyotumia cha dozi 5. Kwenye vichupa vidogo upotevu ulipungua karibu nusu, na watoto waliochanjwa wakaongezeka kwa asilimia chache. Turudi kwenye hesabu ya kijiji chetu: kichupa cha dozi 5 kikifunguliwa kila wiki, mwezi unatumia dozi 20 kwa watoto 14. Upotevu ni uleule wa asilimia 30, lakini safari hii kila wiki ni siku ya surua. Ni kweli kichupa kidogo kina bei kubwa zaidi kwa kila dozi na kinachukua nafasi kubwa zaidi jokofuni. Kwa kituo cha mjini chenye foleni kila asubuhi hakifai. Kwa zahanati ya kijijini sioni hoja nzito ya kukikataa.

Atakayesema nahimiza ubadhirifu naomba tuhesabu pamoja. Kupitia UNICEF, dozi moja ya surua na rubela ndani ya kichupa cha dozi 10 hununuliwa kwa chini ya dola 1 ya Kimarekani. Vichupa viwili vya ziada kwa mwezi ni dozi 20, chini ya dola 20. Kwa zahanati 5,000 za ukubwa huo, ni chini ya dola milioni 1.2 kwa mwaka. Si fedha ndogo, na mhasibu ana haki ya kuuliza. Lakini surua huambukiza kwa kasi kiasi kwamba jamii huhitaji takriban watoto 95 kati ya 100 wawe wamekingwa ili mlipuko usipate njia, na wale wa mwisho wa kufikisha idadi hiyo ndio hasa wanaokaa mbali, wanaokuja siku isiyo ya surua, na ambao mama zao hawatarudi mara ya tatu.

Taarifa za kila mwezi hueleza dozi zilizopokelewa, zilizotumika, zilizoharibika na zilizobaki. Naiomba Wizara yetu ya Afya iongeze safu moja, ya watoto waliofika wakarudi bila kuchanjwa, na mgawo wa mwezi unaofuata uisome safu hiyo kabla ya ile ya upotevu. Halmashauri nazo ziwape wauguzi wa zahanati ndogo ruhusa ya maandishi, yenye sahihi ya mganga mkuu wa wilaya, ya kufungua kichupa kwa ajili ya mtoto mmoja.