Amri ya Rais Iliyoshindwa na Tahajia ya Kiingereza

Tarehe 27 Agosti 2026 inatimia miaka 120 tangu Theodore Roosevelt, Rais wa Marekani, alipomwandikia Mpigachapa Mkuu wa Serikali yake, Charles Stillings, akimwagiza kwamba nyaraka za Rais na za idara zilizo chini yake zichapishwe kwa tahajia mpya ya maneno 300 ya Kiingereza. Tahajia ni utaratibu uliokubaliwa wa kupanga herufi katika kuandika neno, na katika Kiingereza utaratibu huo umeachana na matamshi kiasi kwamba herufi zile zile nne, yaani ough, husomwa "o" katika though, "u" katika through, "of" katika cough, "af" katika rough na "au" katika bough. Amri ya Roosevelt haikudumu hata miezi minne, lakini kisa chake kinaonyesha waziwazi kwa nini lugha iliyoenea kuliko nyingine duniani imeshindwa kujinyoosha, na kwa nini mtoto anayejifunza kuisoma, awe London au Lindi, hulazimika kukariri neno moja moja.

Chanzo cha mkanganyiko huo ni cha kale. Wamisionari waliofika Uingereza kuanzia mwaka 597 waliiandika lugha ya wenyeji kwa alfabeti ya Kilatini, ambayo herufi zake zilikuwa chache kuliko sauti za lugha hiyo, na baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066, waandishi waliofunzwa kwa mtindo wa Kifaransa waligeuza cw ya kale kuwa qu na kuanza kuandika gh mahali palipokuwa na sauti iliyokaribiana na kh ya neno kheri. Sauti hiyo baadaye ilitoweka katika maneno mengi na katika mengine ikageuka f, huku herufi zake zikibaki pale pale. David Crystal, mwanaisimu wa Uingereza ambaye kitabu chake Spell It Out kilitoka mwaka 2012, anasisitiza kwamba tahajia hii inayoonekana kuwa vurugu ina historia inayoweza kufuatiliwa, kwa kuwa nyuma ya herufi zinazomshangaza msomaji wa leo kuna waandishi, wapigachapa na wasomi waliokuwa na sababu zao.

William Caxton alipofungua kiwanda cha kupiga chapa Westminster mwaka 1476, baada ya kuishi miaka mingi Bruges, matamshi ya Kiingereza yalikuwa tayari katika msukosuko ambao wanaisimu huuita Badiliko Kuu la Irabu, yaani kuhama kwa irabu ndefu kutoka nafasi zao za awali mdomoni, kulikoendelea tangu karne ya 15 hadi ya 17. Kabla ya hapo neno name lilitamkwa kwa irabu iliyofanana na a ya Kiswahili, na k ya knee ilisikika, ila chapa ilizoea kuandika yale ambayo ndimi zilikuwa zikiyaacha. Wasomi wa karne ya 16 waliongeza mzigo mwingine kwa makusudi kabisa, kwa sababu waliona fahari kuonyesha asili ya Kilatini ya maneno, na hivyo dette, lililotoka katika Kifaransa, likapachikwa b ya debitum na kuwa debt, ijapokuwa b hiyo haikutamkwa na Mwingereza yeyote. Samuel Johnson aliyathibitisha mengi ya hayo katika kamusi yake ya mwaka 1755, na Noah Webster wa Marekani akafanikiwa kupunguza herufi chache, kama u ya colour, lakini alishindwa alipotaka women liandikwe wimmen.

Ndipo ilipoingia Bodi ya Tahajia Nyepesi, iliyotangazwa New York mwezi Machi 1906 chini ya uenyekiti wa Brander Matthews, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, na kugharimiwa na Andrew Carnegie, tajiri wa chuma mzaliwa wa Scotland, aliyeahidi dola 15,000 kila mwaka kwa sababu aliamini kwamba Kiingereza kikirahisishwa kingekuwa lugha ya ulimwengu na kuleta amani kati ya mataifa. Miongoni mwa wajumbe wake walikuwa mwandishi Mark Twain, mwanafalsafa William James na Melvil Dewey, aliyebuni mfumo wa kupanga vitabu maktabani. Bodi haikuwa na papara, kwani orodha yake ya maneno 300 ilijaa maumbo ambayo Wamarekani wengi walikwisha kuyatumia, kama honor, center na program, na yaliyoonekana mageni yalikuwa machache, kama thru, tho, kist na dropt.

Roosevelt, aliyekuwa mapumzikoni Oyster Bay, alitoa amri yake wakati Bunge likiwa likizoni, wala hakulishauri, na hapo ndipo alipokosea zaidi kuliko katika jambo lenyewe. Magazeti ya pande zote mbili za Atlantiki yalimshambulia kwa wiki kadhaa, ya Uingereza yakilalamika kwamba Rais wa nchi nyingine amejitwalia mamlaka juu ya lugha yao, na ya Marekani yakiandika jina lake kwa tahajia za kubuni ili kumdhihaki. Katika gwaride la manowari lililofanyika Oyster Bay mwezi Septemba, mashua ya waandishi wa habari ilipita karibu na meli ya Rais ikiwa na bango lililosomeka "Pres Bot" badala ya "Press Boat", na inasemekana Rais mwenyewe alicheka. Mahakama ya Juu ilikataa kuifuata amri hiyo katika hukumu zake, na Bunge liliporejea, Charles Landis wa Indiana, mwenyekiti wa kamati ya uchapishaji, aliwasilisha tarehe 13 Desemba 1906 azimio kwamba nyaraka za serikali zifuate tahajia ya kamusi zinazokubalika, na Baraza la Wawakilishi likalipitisha. Roosevelt aliondoa amri yake, akamweleza Matthews kwamba vita hivyo havina matumaini, na akabaki kuitumia tahajia mpya katika barua zake binafsi tu.

Kushindwa huko hakukutokana na ubovu wa hoja, maana sehemu kubwa ya ile orodha ndiyo tahajia ya kawaida ya Marekani leo. Kilichoshinda ni mazoea ya watu waliokwisha kujua kusoma, ambao hawakuwa na faida yoyote katika mabadiliko, dhidi ya watoto na wageni ambao wangefaidika lakini hawakuwa na sauti bungeni wala magazetini, na hilo ni jambo la kusikitisha. Carnegie alikata tamaa na Bodi yake, na alipofariki mwaka 1919 fedha zilikauka.

Majaribio yaliyofuata ni ya kutajwa kwa ufupi. Gazeti la Chicago Tribune lilitumia tahajia zake fupi tangu 1934 hadi 1975, mwandishi George Bernard Shaw aliacha katika wosia wake fedha za kubuni alfabeti mpya, na mwaka 2010 wanachama wa chama cha tahajia kilichoanzishwa London mwaka 1908 waliandamana mjini Washington nje ya shindano la kitaifa la tahajia.

Jambo hili linaihusu Afrika Mashariki kwa karibu. Edward Steere na wamisionari wenzake wa karne ya 19, ambao wenyewe walilelewa katika tahajia hiyo iliyopinda, walipokiandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini walizipa irabu tano thamani moja moja isiyobadilika, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar ikausanifisha utaratibu huo. Mtoto aliyezoea kusoma kila herufi anayoiona anapokutana na Kiingereza huifuata kanuni ile ile kwa akili timamu, kisha huchekwa darasani, kana kwamba kosa ni la kichwa chake. Shule za Tanzania na Kenya zingewatendea haki wanafunzi wake kwa kuiweka historia hii katika mafunzo ya walimu wa Kiingereza, kwani mwanafunzi anayeandika iland badala ya island leo hukatwa alama bila kuelezwa kwamba Waingereza wenyewe waliliandika hivyo, hadi wasomi wa karne ya 16 walipodhani kimakosa kwamba neno hilo limetokana na insula ya Kilatini, wakaipachika s ambayo haijawahi kutamkwa.