Dar–Nairobi: Kilomita 660, Saa Moja, Miaka Sita

Majuzi nilipanda Lushoto, si kwa kazi ya gazeti, nilikwenda kumsalimia bibi. Jioni tumekaa barazani, ndege ikapita juu kabisa. Bibi akainua macho: "Hiyo inakwenda Nairobi, kwa marehemu kaka."

Nikadhani ananitania. Niliporudi Dar nikachukua ramani na rula. Bibi hakukosea! Mstari ulionyooka kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi unapita juu ya milima ya Usambara, jirani kabisa na Lushoto. Ni kama kilomita 660, saa moja na robo hivi kwa jeti. Kwa basi kupitia Arusha na Namanga ni kama kilomita 900, na siku nzima inaishia barabarani.

Lakini je, umbali huu unapimwa kwa kilomita tu?

Mwaka 1848 mmisionari Johann Ludwig Krapf alitoka Rabai, karibu na Mombasa, akavuka nyika kwa miguu hadi kwa Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Washambaa. Safari ilikuwa ngumu, lakini hakuna aliyemwambia kwamba ameingia nchi nyingine ya Wazungu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakagawana: mstari ukachorwa kutoka mdomo wa mto Umba kuelekea Ziwa Victoria. Kimweri alikuwa ameshafariki, na hata angekuwa hai asingeulizwa. Lushoto ikaitwa Wilhelmstal. Mombasa ikawa ng'ambo.

Ajabu ni kwamba mkoloni huyo huyo Mwingereza ndiye baadaye aliyetuunganisha angani. Shirika la East African Airways lilianza mwaka 1946, na baada ya uhuru likawa mali ya Kenya, Uganda na Tanzania. Kisha wenyewe tukagombana juu ya madeni na michango. Mwanzoni mwa 1977 shirika likafa, Kenya ikaanzisha la kwake, na Februari Tanzania ikafunga mpaka. Jumuiya nayo ikazikwa mwaka huo huo.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, Nyerere, Moi na Obote walipokutana Arusha. Piga hesabu: miaka sita na miezi tisa.

Kaka yake bibi alikwenda Nairobi kutafuta kazi miaka ya sitini. Alifariki 1980. Barua ilipofika alikuwa ameshazikwa, na bibi hakupata njia ya kwenda hata kuhani. Ndugu msomaji, unajua kwetu kukosa msiba wa ndugu wa tumbo moja maana yake nini. Milima haikusogea, kilomita hazikuongezeka.

Leo tuna Jumuiya mpya, mkataba wake ulisainiwa 1999. Hata hivyo Januari 2024 Tanzania ilitangaza kuzuia ndege za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar, baada ya Kenya kuinyima Air Tanzania kibali cha safari za mizigo. Bahati nzuri yalimalizwa haraka. Wengi tulicheka mtandaoni. Bibi asingecheka.

Sasa nimeelewa kwa nini anazitazama ndege. Ikipita, anajua njia iko wazi.

Je, kwenu kuna aliyekwama upande wa pili miaka ile? Muulizeni angali hai, kisha mtusimulie.