Mizani ya Kazi ya Rais: Mafunzo ya Morogoro na Uluguru

Kila uchaguzi unapokaribia, watu wa Tanzania hugawanyika makundi mawili juu ya jambo moja, nalo ni kazi aliyoifanya Rais. Kundi la kwanza husimulia mema kana kwamba mabaya hayakutokea. Kundi la pili husimulia mabaya kana kwamba mema yalijileta yenyewe. Wapo watu wenye busara ambao huchukizwa na mabishano hayo. Husema kwamba ni kelele za wafuasi tu, na kwamba nchi ingetulia zaidi kama zisingekuwapo. Makala hii yataka kuonyesha, kwa ushahidi wa historia ya Morogoro na milima ya Uluguru, kwamba maoni hayo si ya kweli. Mabishano ya wafuasi yana hila nyingi ndani yake, lakini ndiyo mizani ambayo raia amepewa. Sifa ya mtawala isiyoruhusiwa kupingwa ni kama mzigo usiopimwa: kila mtu aweza kuutaja uzito wake, wala hakuna aujuaye.

Yafaa tuanze wakati nchi ilipokuwa haijapata Rais. Mwaka 1950 Serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika Uluguru. Nia yake haikuwa ya upuuzi. Miteremko ya milima ile ni mikali, mvua zake ni nyingi, na mito yake huingia katika mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Udongo ulikuwa ukisombwa na maji, na wataalamu waliona hatari. Basi wakulima wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao na kuacha kuyachoma moto. Utawala wa Sultani Sabu bin Sabu ukapewa kazi ya kuisimamia amri hiyo.

Kwa macho ya watumishi wa Serikali, matuta yalikuwa ushahidi wa maendeleo, kwa kuwa yaliweza kuonekana toka mbali na kuhesabiwa. Lakini Mluguru alikuwa na hesabu yake. Yeye alihesabu siku alizozitoa katika kazi ya lazima. Alihesabu udongo wa chini, usio na rutuba, uliofukuliwa na kulazwa juu ya ule mwembamba uliokuwa ukimlisha. Tena ardhi ile ilikuwa mali ya ukoo, na ukoo katika Uluguru hufuata upande wa mama. Hivyo amri juu ya shamba iligusa mamlaka ya wazee ambao hawakuwa wameulizwa. Hesabu zote mbili zilikuwa na ukweli. Udongo ulikuwa ukiondoka, na watu walikuwa wakiteseka. Kilichokosekana ni mahali ambapo hesabu hizo mbili zingekutana uso kwa uso.

Wahenga walisema kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwezi Julai, 1955, umati ulikusanyika Matombo, ghasia zikazuka, polisi wakafyatua risasi na mtu akauawa. Baada ya hayo mpango ukaachwa. Chama cha TANU, kilichokuwa kimezaliwa Julai 7, 1954, kikapata katika milima ile masikio yaliyokuwa tayari kusikiliza. Miaka mitano ya kazi ilianguka kwa siku chache, wala si kwa sababu kila tuta lilikuwa baya. Ilianguka kwa sababu hapana mtu aliyepewa ruhusa ya kusema, kwa sauti na bila hofu, kwamba baadhi ya matuta hayakufaa. Laiti mpinzani angesikilizwa mwaka 1951, huenda mashamba mengi ya Uluguru yangeokolewa kwa njia nyingine.

Nchi ilipopata Uhuru na kuelekea kuwa Jamhuri, mizani ilisimamishwa kwa mara ya kwanza. Katika uchaguzi wa Rais wa Novemba 1, 1962, Mwalimu Julius Nyerere wa TANU alishindana na Zuberi Mtemvu wa chama cha African National Congress. Mtemvu hakuwa mgeni wa siasa. Alikuwa mtumishi wa TANU hadi 1958, alipojitenga kwa kuchukizwa na uamuzi wa Tabora wa kukubali uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Yeye aliona kuwa Waafrika walikuwa wakichelewa kushika nafasi zao katika nchi yao. Mwalimu alipata kura 1,127,978, na Mtemvu 21,276. Wako waliocheka uchache wa kura zile. Lakini kura 21,276 zilizipa zile nyingine thamani, kwa kuwa kila aliyemchagua Mwalimu alikuwa na mtu mwingine wa kumchagua, naye hakumtaka.

Toka 1965 hadi 1990 mambo yalikuwa tofauti. Katiba ilitambua chama kimoja, na mpiga kura aliulizwa juu ya mgombea mmoja wa urais, ajibu Ndiyo au Hapana. Katika viti vya Bunge, ambako wagombea wawili wa chama hichohicho waliweza kushindana, wananchi walionyesha mara moja kuwa wajua kupima. Mwaka 1965 mawaziri walipoteza viti vyao, akiwamo Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha. Ila kazi ya Rais mwenyewe haikuwa na mshindani wa kuiuliza maswali.

Matokeo ya jambo hilo yaweza kusomwa katika viwanda vya Morogoro. Katika mwongo wa 1970 Serikali iliuchagua mji huu uwe kitovu cha viwanda. Vikajengwa viwanda vya ngozi, vya nguo, vya maturubai, na cha viatu. Kiwanda cha viatu kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, nacho kilikusudiwa kutoa jozi 4,000,000 kwa mwaka, zilizo nyingi ziuzwe Ulaya. Mashine zilikuwa mpya na wafanyakazi walikuwapo. Lakini kuta zilikuwa za alumini na jengo halikuwa na njia ya kupitisha hewa, katika mji ambao jua lake lajulikana. Kazi yake haikupata kuvuka asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 ikakoma.

Ni kweli kwamba nchi ilipatwa na misiba mingi: bei ya mafuta ilipanda, vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vilikula akiba, na fedha za kigeni za kununulia vipuri zikapungua. Ni kweli pia kwamba Mwalimu, katika maandishi yake ya 1977 juu ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, alitaja waziwazi makosa ya Serikali yake. Hayo ni maungwana ya nadra. Lakini ungamo la mtawala haliwezi kushika mahali pa swali la mpinzani, kwa sababu mtawala huchagua kosa la kuungama. Chaguzi za 1980 na 1985 zilipita, wala hapana mgombea wa urais aliyesimama katika viwanja vya Morogoro akauliza jozi 4,000,000 zilikuwa wapi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji; na hapa mgema hakuwa na mnywaji aliyeruhusiwa kukunja uso.

Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, na mabishano yakarudi navyo. Hapo ndipo hila ya wafuasi ilipoonekana wazi. Mara chache wao hubishana juu ya lililotendeka. Hugombania mahali pa kuanzia kuhesabu. Anayeanza hesabu mwaka wa kujengwa viwanda humwona Mwalimu kuwa mjenzi. Anayeianza miaka ya foleni na maduka matupu humwona Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeshika madaraka mwaka 1985 na kufungua milango ya biashara, kuwa mkombozi. Anayeianza siku ya milango ya kiwanda kufungwa humwona Mwinyi huyohuyo, na Rais Benjamin Mkapa aliyemfuata, kuwa wauzaji wa mali ya umma. Kila mmoja ana ushahidi mkononi, na kila mmoja ameuacha ushahidi mwingine nyumbani.

Tena yastahili kuangaliwa jinsi wapimaji wakali walivyotoka mara kwa mara ndani ya nyumba ileile waliyoilaumu. Mtemvu alitoka TANU. Mwaka 1995 Augustino Mrema, aliyekuwa waziri katika Serikali ya Mwinyi, aligombea kwa NCCR-Mageuzi akapata takribani asilimia 28 ya kura. Mwaka 2015 Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Rais Jakaya Kikwete hadi 2008, aligombea kwa CHADEMA akapata takribani asilimia 40. Mwaka ule hata mgombea wa CCM, John Magufuli, aliyepata asilimia 58, alihubiri nchi ya viwanda na kuwaonya walionunua viwanda kisha wakaviacha bila kazi. Maneno hayo yaliingia sana katika masikio ya Morogoro. Basi pande zote mbili zilikosoa yaliyopita, na wote wawili walikuwa wameshiriki katika yaliyopita.

Uchaguzi wa Oktoba 28, 2020, ulileta swali gumu zaidi, nalo ni kitu gani kihesabiwe. Wafuasi wa Rais Magufuli waliihesabu reli mpya ya Dar es Salaam hadi Morogoro, iliyoanza kujengwa 2017, na bwawa la umeme la megawati 2,115 katika mto Rufiji. Wafuasi wa Tundu Lissu walihesabu mikutano ya siasa iliyozuiwa tangu 2016, magazeti yaliyofungiwa, na risasi alizopigwa mgombea wao mjini Dodoma Septemba 7, 2017. Walisema kuwa wao wataka uhuru, haki na maendeleo ya watu. Tume ilitangaza asilimia 84 kwa Magufuli na 13 kwa Lissu, na wapinzani wakayakataa matokeo.

Msomaji atatambua kuwa huu ni ubishi wa Matombo uliorudi kwa mavazi mengine: upande mmoja waonyesha kilichojengwa, upande wa pili waonyesha kilicholipwa. Rais Magufuli alifariki Machi 17, 2021. Treni za abiria zilianza safari za Morogoro mwaka 2024, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, na bwawa likaanza kutoa umeme mwaka huohuo. Kazi njema huishi kuliko muda wa aliyeianza, na mfuasi apendaye kumpa mtu mmoja sifa yote hudhulumu wengine. Lakini hasara ya kunyamazisha nayo huishi kuliko muda wa aliyenyamazisha. Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, ulifanyika bila jina la mgombea wa CHADEMA katika karatasi za kura, na Lissu akiwa kizuizini kwa shtaka la uhaini. Rais Samia alitangazwa kushinda kwa zaidi ya asilimia 97, na siku zile zilijaa ghasia na vifo.

Asilimia 97 hizo zalingana karibu na zile 98 za mwaka 1962. Kwa tarakimu ni ndugu. Kwa uzito si ndugu. Zile za kwanza zilipatikana mbele ya mshindani, hata kama alikuwa dhaifu. Hizi za pili zilipatikana wakati mshindani mkubwa yuko nje ya mizani.

Kwa hiyo raia wa Morogoro, au wa mahali pengine popote, atakaposikia kazi ya Rais inasifiwa au inalaumiwa, na aulize maswali matatu. Kwanza, msemaji ameanza kuhesabu toka mwaka gani, na kwa nini? Pili, nani alilipa, kwa jasho, kwa deni au kwa ukimya wake? Tatu, je, yuko mtu aliyeruhusiwa kusema kinyume? Maswali mawili ya kwanza humfichua mfuasi mdanganyifu, na hayo yatosha kumponya asiwachukie wabishi wote. Swali la tatu ndilo kubwa. Jibu lake likiwa hapana, basi sifa zote zilizotolewa, hata zile za haki, zimepoteza mnunuzi. Na aliyedhulumiwa si mpinzani peke yake, bali na Rais mwenyewe, ambaye hatajua kamwe ni lipi katika kazi yake ambalo watu wangelisifu kwa hiari yao.